Meza ya Jirani



Mama mmoja msomaji wa safu hii, ambaye binti yake anafanya kazi ya uuguzi ng'ambo, alinisimamisha baada ya darsa akaniuliza: "Sheikh, mwanangu akialikwa hotelini na majirani wasiokuwa Waislamu, akubali au akatae?" Jibu la haraka lilikuwapo, nami nikalitoa: cha halali huliwa, cha haramu huachwa, na meza ya mvinyo hatuiketii. Mama akashukuru, akaenda zake. Lakini njiani nikirudi nyumbani niliona kuwa nimejibu nusu ya swali. Nyama alikuwa akiijua vizuri kuliko nilivyodhani. Kilichomkera ni ujirani.

Ndipo nikaukumbuka mji wa Ballyhaunis, ulioko magharibi ya Ireland katika jimbo la Mayo, ambako mwezi wa Septemba 2024 nilikaa wiki mbili kwa mtoto wa dada yangu. Yeye hufanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na mumewe yuko kazini ghalani. Ni mji mdogo. Kutoka Dublin hufikwa kwa gari-moshi la kwenda Westport, safari ya zaidi ya saa mbili, na ukishashuka stesheni waweza kuuzunguka wote kwa miguu na chai uliyoiacha mezani bado ina moto. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu 2,312, na asilimia 42 yao walikuwa raia wa nchi nyengine. Sababu kubwa ya hayo ni nyama. Katika miaka ya 1970 mfanyabiashara wa asili ya Kipakistani alifungua hapo machinjio ya halali ili apeleke nyama nchi za Waarabu. Wakaja wachinjaji Waislamu na jamaa zao, na mwaka 1987 ukajengwa msikiti. Wajukuu wa wale wachinjaji leo huzungumza kwa lafudhi ya Mayo, na wamo katika timu za mchezo wa magongo wa Kiireland pamoja na wenzao.

Nilidhani katika mji kama huo jambo la kula nje litakuwa jepesi. Kumbe sivyo.

Jirani wa mpwa wangu ni bibi mjane, siku hizo akikaribia kutimiza miaka 80. Wanawe wawili wako Dublin na wa tatu yuko Uingereza. Mpwa wangu alipojifungua mtoto wa pili, huyo bibi ndiye aliyekaa na wa kwanza siku mbili usiku na mchana. Basi mara tatu alimwalika wakale pamoja hotelini siku ya Jumapili, na mara tatu mpwa wangu akatoa udhuru: mara kazi, mara homa ya mtoto, mara uchovu. Nilipomuuliza kwa nini, aliinamisha macho. "Mjomba, naona haya. Nianze kumuuliza mpishi habari za mafuta na sufuria mbele za watu? Wataniona msumbufu." Mara ya nne mwaliko haukuja. Salamu za ukutani zikawa za mvua na upepo tu.

Nikasema moyoni, kabla sijamshauri huyu mtoto, kwanza nijue wenyeji wanakuonaje huko kula nje. Kila niliyepata naye nafasi ya mazungumzo, kwenye baraza ya msikiti, stesheni, katika teksi, nilimuuliza. Kiingereza chao ni chepesi kama mvua yao na hakina kituo, hata mara mbili tatu nilimhitaji mpwa wangu anifasirie Kiingereza kwa Kiingereza.

Wazee walinijibu kuwa chakula kikuu cha siku kwao ni cha mchana, na siku ya kukila nje ni Jumapili baada ya Misa. Hoteli huweka meza ndefu yenye mapande ya nyama ya kuchoma, mpishi akakata mbele yako akakujazia sahani. Wenyewe huiita kavari. Pembeni huja mboga, mchuzi mzito wa nyama, na mbatata. Nasema mbatata lakini msidhani ni za namna moja. Katika sahani ya mzee mmoja nilihesabu namna tatu: za kupondwa, za kuoka, na chipsi. Nikacheka, naye akacheka, akaniambia kwamba hoteli ikimpa namna moja tu atajua wenyewe wamekuwa mabakhili na hatarudi tena.

Ni rahisi kumcheka mtu kwa anachokipenda tumboni. Lakini Mayo ni katika majimbo yaliyoumia zaidi katika njaa ya mwaka 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoingia mashamba ya mbatata na watu wapatao milioni moja wakafa katika nchi nzima, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Mwezi wa Machi 1849, katika jimbo hilo hilo, watu mamia walioomba msaada waliamriwa watembee kutoka Louisburgh hadi Delphi wakakaguliwe kama kweli wana njaa, na wengi walifia njiani. Mpaka leo mtu wa huko akitaja jimbo lake aghalabu huongeza maneno ya kumwomba Mungu awasaidie, nusu mzaha nusu dua. Yule mzee hakunitajia njaa. Mimi ndiye niliyeikumbuka nikiitazama sahani yake, na sikucheka tena.

Lawama ya pili ni bei. Sahani ya mchana niliyoiona ilikuwa euro 17, yaani karibu shilingi 2,500 za kwetu, na watoto wana sahani yao ndogo isiyokuwa ndogo sana kwa bei. Dereva wa teksi, baba wa watoto watatu, aliniambia kuwa zamani walikuwa wakila nje kila wiki, sasa ni mwisho wa mwezi, na mkewe husoma bei kabla ya kusoma chakula. Wengi waliona wenye hoteli wanawanyonya. Nilibahatika kuzungumza na mwenye mkahawa mmoja naye akanifungulia upande wake. Kodi ya chakula cha mezani ilikuwa imeteremshwa hadi asilimia 9, ikarudishwa 13.5 mwezi wa Septemba 2023. Mshahara wa chini mwaka 2024 ulikuwa euro 12.70 kwa saa, na umeme haupungui. (Sisi wa Kenya tunaolipa asilimia 16 twaweza kumsikitikia kwa kiasi.) Akaniambia sahani ile ile ya euro 17 humbakizia kidogo sana, na kwamba Jumatatu na Jumanne hufunga mlango kwa sababu kufungua ni hasara.

Bakshishi nayo hawaigombanii. Akipenda mteja huacha. Tangu Disemba 2022 sheria imemkataza mwenye duka kujichukulia bakshishi iliyolipwa kwa kadi, na imembidi abandike tangazo la namna inavyogawiwa kwa watumishi. Nililisoma tangazo hilo ukutani kwa furaha, kwani kula haki ya mtumishi ni maradhi ambayo hata pwani yetu hayajatutoka.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi ni hili. Mhudumu hupita mezani katikati ya chakula akauliza kama kila kitu kiko sawa, na mtu wa Mayo, hata kama nyama imekauka kama kanda la kiatu, hutabasamu akajibu kuwa ni kizuri sana, ahsante. Kisha wakiingia garini ndipo hukumu inapotoka! Mchuzi ulikuwa maji, chai ilikuja baridi, yule kijana hakututazama. Husimuliwa dukani, husimuliwa kanisani, na hotelini hawarudi. Yule mwenye mkahawa alinambia, na uso wake ulikuwa mzito, kwamba katika miaka yake yote waliomwambia kosa lake usoni hawafiki kumi, lakini wateja waliopotea hana hesabu yao. "Laiti wangeniambia," akasema.

Sisi tunajua kuwa Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa na tabia ya kukitia ila chakula, alichokipenda alikula na asichokitaka alikiacha. Basi nilianza kwa kuwasifu watu hawa nafsini mwangu kwa adabu yao. Baadaye nikaona kuwa adabu ile ni ya kuacha sahani kwa utulivu. Mtu akikuuliza kwa nia ya kurekebisha riziki yake, ukamdanganya, kisha ukamsengenya nyuma, hapo hukumfuata Mtume. Na nikaona jambo jengine lililonichoma zaidi: mpwa wangu alikuwa amekwisha kuwa mtu wa Mayo. Naye alitabasamu mlangoni, akasema ahsante, akafunga mlango.

Kuhusu Waislamu wa mji, maoni yao si mamoja. Mzee mmoja wa Kipakistani aliyefanya kazi machinjioni aliniambia kuwa tangu afike hajala hotelini kitu chochote ila chai. Wajukuu wake hula samaki, naye huwanunia lakini hawakatazi. Kijana mmoja alisema yeye huenda duka la chipsi Ijumaa na rafiki zake wa timu. Haya maduka ya chipsi yana historia yake: mengi ya Ireland yalianzishwa na jamaa za Kitaliano kutoka upande wa Casalattico, na mpaka leo majina yao yako juu ya milango. Nikamuuliza yule kijana, chipsi hukaangwa kwa nini? Akanyamaza. Hakuwa amewahi kuuliza.

Nawaandikia haya kwa urefu kwa sababu wako watoto wetu wengi huko Ulaya, na mama zao huwaambia kwa simu, "Wewe kula samaki tu, salama." Samaki ni halali bila shaka. Lakini maduka mengi ya jadi hukaanga kwa shahamu ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hatujui amechinjwaje. Unga wanaomchovyea samaki mara nyingi huchanganywa na bia. Supu nzito ya samaki na maziwa huweza kutiwa vipande vya nguruwe, na supu ya mboga huweza kupikwa kwa mchuzi wa kuku. Kitoweo cha nyama huweza kuwa na bia nyeusi ndani yake, na ile tamutamu ya tabaka za keki na matunda huloweshwa mvinyo. Ama nyama ya Watu wa Kitabu na namna wachinjavyo siku hizi, wanavyuoni wana maneno marefu na sitaufungua mlango huo leo. Nataka tu mjue kuwa jina la chakula halikuambii kilichomo.

Na sheria haikuambii pia, ingawa inakaribia. Kila mkahawa huko lazima uonyeshe kwa maandishi ni chakula kipi chenye mojawapo ya vitu 14 vinavyowadhuru wenye mzio: ngano, maziwa, mayai, karanga, ufuta na vyengine. Nyama ya ng'ombe, tangu mwaka 2006, lazima waseme imetoka nchi gani. Nguruwe hayumo katika wale 14, wala mvinyo, wala namna ya kuchinja. Kwa hiyo Muislamu hana budi kufungua mdomo. Lakini faida ya sheria hiyo ni kuwa imewazoesha wapishi kuulizwa. Kila siku wanaulizwa, na huyu ngano, na yule maziwa.

Nilimwambia mpwa wangu: "Mwanangu, piga simu. Piga saa nne asubuhi, jiko halijawaka sana. Uliza mafuta, uliza mchuzi wa supu, uliza mvinyo, uliza kama samaki hupikwa mahali alipopikwa nguruwe." Alishika simu kama mtu ashikaye kaa la moto. Mpishi wa hoteli moja ya mji, ambayo sitaitaja, alimjibu bila kusita. Supu, hapana. Samaki wa kukaanga, hapana, unga una bia. Chipsi, hapana, ni shahamu. Lakini angeweza kumwoka samaki wa salmoni peke yake ndani ya karatasi ya fedha kwa siagi na ndimu, na mbatata akazichemsha katika sufuria safi. Kisha akamwambia kuwa asubuhi ile yeye ni mtu wa tatu kupiga simu ya aina hiyo.

Mpwa wangu aliiweka simu chini akanitazama. "Miaka minne, mjomba," akasema. "Miaka minne nimeiogopa simu hii."

Ilibaki ngumu zaidi. Jioni ile alichukua birika la chai ya tangawizi akavuka kwenda kwa bibi, nami nikamfuata. Akamweleza yote: kwa nini alikataa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kwamba homa ya mtoto ilikuwa ya uongo. Bibi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Halafu akasema jambo ambalo sisi hatukulijua. Siku ile mpwa wangu alipotoka hospitali na mtoto mchanga, yeye bibi alileta sahani ya mkate uliotiwa nyama ya nguruwe, kwa kutojua. Baadaye mtu kazini alimfahamisha. Tangu siku hiyo alikuwa akidhani kwamba hotelini hatufuatani kwa sababu ya ile sahani, na kwamba hajasamehewa. Mwaliko wa nne aliogopa kuutoa.

Sahani ile mpwa wangu hata hakuikumbuka. Alikuwa ameiweka kando siku ile, akashughulika na mtoto.

Nikamkonyeza mpwa wangu kuwa limebaki la mvinyo, kwani siku ya kutimiza miaka 80 wangekuja watoto na wajukuu, na Mtume wetu ametukataza kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi. Alilisema kwa sauti ndogo sana. Bibi akainuka, akaenda ukutani, akateremsha picha ya marehemu mumewe. Kifuani mwa koti lake palikuwa na beji ndogo. Akatuambia kuwa mumewe alikuwa mwanachama wa Pioneer, chama cha Wakatoliki wa Ireland kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898, ambacho wanachama wake huahidi kutoonja kileo maisha yao yote. Miaka hamsini ya ndoa hajaonja hata tone, na harusini kwao watu walikunywa chai. "Wanangu nitawaambia mimi," akasema, na kwa namna alivyolisema niliwahurumia hao wanawe.

Jumamosi mchana tuliketi watu kumi na wanane. Mezani palikuwa na maji, maji ya machungwa, na mabirika mawili ya chai ile yao nyeusi kama wino ambayo huinyweshea maziwa. Mtoto wake mmoja wa kiume, mtu mzima wa miaka hamsini, mara moja aliondoka akaenda upande wa baa, akarudi akinuka, na mama yake akamtazama mpaka akaketi sawasawa. Salmoni alikuja ndani ya karatasi yake. Alikuwa amezidi kuoka kidogo. Mhudumu alipopita akauliza kama kila kitu kiko sawa, meza nzima ikajibu kwa pamoja kuwa ni kizuri sana, ahsante, na mpwa wangu peke yake akasema kwa upole kwamba samaki amekauka kidogo lakini amefurahi sana kupikiwa mbali. Pakanyamaza. Kisha bibi akasema kuwa hata nyama yake imekauka, na mwanawe akasema na yake. Mpishi mwenyewe akatoka jikoni akaomba radhi na kuleta mchuzi mpya kwa waliotaka, na siagi na ndimu zaidi kwa mpwa wangu.

Wakati wa kulipa palitokea ugomvi ambao mngedhani ni wa Mji wa Kale. Mpwa wangu alikuwa ametoa pesa, wana wa bibi wametoa, kila mmoja akiusukuma mkono wa mwenziwe. Mhudumu akasema imekwisha kulipwa. Bibi alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda msalani nusu saa kabla.

Kesho yake mpwa wangu alipika sambusa za samaki, akazitia katika bakuli la plastiki lenye kifuniko, akampelekea. Siku mbili baadaye, asubuhi nilipokuwa nafunga mizigo, bakuli lilikuwa kizingitini. Halikurudi tupu. Ndani yake palikuwa na mkate mtamu wa matofaa, na juu ya kifuniko kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono unaotetemeka: unga, sukari, matofaa, chumvi, na siagi, siagi peke yake. Neno siagi lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili.